Somo la 12: Almasi Kama Kigunduzi cha Chembe Katika Kutafuta Fotoni ya Giza

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
(a) kueleza kwa nini almasi, ambayo ni kihami, inaweza kutumika kugundua chembe zenye chaji;
(b) kukokotoa chaji inayozalishwa chembe inapopita ndani ya almasi;
(c) kutumia kanuni za uhifadhi wa nishati na momenta kutafuta chembe isiyoonekana;
(d) kueleza hatua za kukipima kigunduzi kabla ya kukiamini.

Unachotakiwa kukumbuka kabla ya kuanza: chaji ya elektroni ni 1.6 × 10⁻¹⁹ C; uga wa umeme kati ya bapa mbili ni E = V/d; MeV 1 ni elektronivolti milioni 1. Katika somo hili tungamo pia tutalitaja kwa MeV, kama ilivyo kawaida katika fizikia ya chembe. Tungamo la elektroni ni MeV 0.511.

12.1 Kaboni moja, sura tatu

Mwanafunzi wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, hahitaji kwenda mbali kuiona kaboni. Iko kwenye mkaa wa jikoni na kwenye ncha ya penseli yake. Katika Mkoa huohuo wa Njombe, huko Mchuchuma wilayani Ludewa, kuna akiba kubwa ya makaa ya mawe, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni. Huko Mahenge, Mkoa wa Morogoro, kuna madini ya kinywe, ambayo vitabu vya kemia huyaita grafiti. Na huko Mwadui, Mkoa wa Shinyanga, kuna mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Karati 1 ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lile lililotikisa dunia lilikuwa na gramu 10.9 tu.

Kinywe na almasi ni kaboni. Tofauti yao ni mpangilio wa atomu. Katika kinywe kila atomu imeshikana na atomu tatu, na elektroni moja inabaki huru kutembea. Ndiyo maana kinywe hupitisha umeme. Katika almasi kila atomu imeshikana na atomu nne, na hakuna elektroni inayobaki huru. Ndiyo maana almasi ni kihami. Shika jambo hili, kwa sababu kigunduzi tutakachokisoma kimetengenezwa kwa vyote viwili: almasi katikati, na mistari ya grafiti juu na chini.

12.2 Almasi inavyogundua chembe

Ili elektroni ing'oke kutoka kwenye kifungo chake ndani ya almasi, inahitaji nishati ya eV 5.5. Hilo tunaliita pengo la nishati. Kwa silikoni pengo ni eV 1.1 tu. Joto la kawaida la chumba haliwezi kuing'oa elektroni katika almasi, kwa hiyo almasi iliyounganishwa na betri hukaa kimya. Karibu hakuna mkondo unaopita.

Chembe yenye chaji na kasi kubwa inapopenya, huacha nishati njiani na kuzing'oa elektroni. Kila elektroni inayong'oka huacha nafasi tupu, inayoitwa tundu, ambayo hufanya kazi kama chaji chanya. Kwa wastani inahitajika nishati ya eV 13 kutengeneza jozi moja ya elektroni na tundu katika almasi. Chembe yenye kasi kubwa hutengeneza takriban jozi 36 katika kila maikromita 1 ya njia yake.

Tukiweka volteji kati ya uso wa juu na uso wa chini wa almasi, elektroni zinakimbilia upande chanya na matundu upande hasi. Mwendo huo wa chaji ndio ishara tunayoisoma.

Mfano wa 1. Kipande cha almasi kina unene wa maikromita 100 na volteji ya V 250 kati ya nyuso zake. Kokotoa (i) uga wa umeme, (ii) chaji inayozalishwa na chembe moja.

Jibu:
(i) E = V/d = 250 ÷ (100 × 10⁻⁶) = 2.5 × 10⁶ V/m.
(ii) Idadi ya jozi = 36 × 100 = 3,600. Chaji = 3,600 × 1.6 × 10⁻¹⁹ = 5.8 × 10⁻¹⁶ C.

Chaji hiyo ni ndogo mno, na kwa kweli hatuipati yote. Almasi ina kasoro ndani ya fuwele zake, na kasoro hizo ni mitego: elektroni ikipita karibu nayo hunaswa kabla ya kufika. Umbali wa wastani ambao jozi hutengana kabla ya kunaswa huitwa umbali wa kukusanya chaji, dₖ. Kwa hiyo chaji inayopimwa ni:

Q = 36 × dₖ × e, ambapo dₖ ni kwa maikromita.

Hapa ndipo linapoingia swali ambalo wanafunzi huuliza: mbona wanasayansi hawatumii almasi za Mwadui? Almasi ya ardhini mara nyingi ina nitrojeni na kasoro nyingine, na hakuna mawe mawili yanayofanana. Kwa kigunduzi huhitajika almasi inayotengenezwa maabara: gesi ya methani na haidrojeni huwekwa katika chombo chenye shinikizo dogo, huchemshwa hadi kuwa plazima, na kaboni hujijenga taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakuwa bapa la almasi. Bapa la namna hiyo huweza kukatwa kwa ukubwa na unene unaotakiwa.

12.3 Fotoni ya giza ni nini?

Vipimo vya anga vinaonyesha kwamba maada ya kawaida, yaani nyota, sayari, milima, maji na miili yetu, ni takriban asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Takriban asilimia 27 ni maada ya giza. Tunajua ipo kwa sababu ya uvutano wake: nyota zilizo pembezoni mwa magalaksi huzunguka kwa kasi kubwa kuliko inavyowezekana kwa uvutano wa maada inayoonekana peke yake. Lakini maada hiyo haitoi mwanga wala haiufyonzi.

Maada ya kawaida huathiriana kwa umeme na sumaku kwa njia ya fotoni, yaani chembe ya mwanga. Baadhi ya wanafizikia wamependekeza kwamba maada ya giza nayo ina fotoni yake, inayoitwa fotoni ya giza. Tofauti na fotoni ya kawaida, hii ingekuwa na tungamo, na ingekuwa na uhusiano hafifu sana na chembe zetu. Uhusiano huo hafifu ndio mlango pekee wa kuitafuta.

Angalizo: fotoni ya giza ni dhana. Mpaka sasa hakuna jaribio lililothibitisha kuwa ipo. Ukiandika katika mtihani kwamba "imegunduliwa", utapoteza alama.

12.4 Mbinu ya tungamo linalokosekana

Unatafutaje kitu ambacho hakionekani? Jibu ni kupima kila kinachoonekana, kisha kuangalia nini kimepungua.

Chukua lori la viazi. Limepakiwa Iwawa na kupimwa: kilo 12,000. Linapita Njombe na kufika Makambako, linapimwa tena: kilo 11,840. Zimepungua kilo 160. Je, gunia limeanguka? Usijibu haraka. Lori limechoma dizeli njiani; tuseme kilo 40. Iliyobaki ni kilo 120. Hilo laweza kuwa gunia moja la lumbesa. Hukuliona likianguka, lakini umelijua, na hata uzito wake umeukadiria.

Hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza, ujue vyanzo vingine vya upungufu, kama dizeli. La pili, mzani uwe wa kuaminika. Mzani wenye kosa la kilo 5 unakuambia habari za gunia. Mzani wenye kosa la kilo 300 haukuambii chochote.

Jaribio linaloitwa PADME, katika Maabara ya Taifa ya Frascati karibu na Roma, Italia, linatumia hoja hiyohiyo. Lilianza kukusanya data mwaka 2018. Positroni, ambazo ni kama elektroni zenye chaji chanya, hupewa nishati ya takriban MeV 550 na kuelekezwa kwenye bapa jembamba la almasi. Positroni ikikutana na elektroni ya atomu ya kaboni, huangamizana. Kwa kawaida hutokea fotoni mbili. Kama fotoni ya giza ipo, mara chache sana ingetokea fotoni moja ya kawaida na moja ya giza. Ya kawaida ingepiga kalorimita yenye fuwele 616, iliyowekwa takriban mita 3.5 mbele ya almasi. Ya giza ingetoroka bila kuacha alama.

Kwa kupima nishati ya fotoni ya kawaida, Eᵧ, na pembe yake θ kutoka mstari wa positroni, tunapata tungamo la kile kilichotoroka. Kwa pembe ndogo (kwa radiani), uhifadhi wa nishati na momenta unatupa:

M² ≈ 2mE − Eᵧ(2m + Eθ²)

ambapo m ni tungamo la elektroni na E ni nishati ya positroni.

Mfano wa 2. Positroni ina MeV 550. Fotoni moja imepimwa ikiwa na MeV 300 kwa pembe ya radiani 0.030. Tafuta tungamo linalokosekana.

Jibu:
2mE = 2 × 0.511 × 550 = 562.1
2m + Eθ² = 1.022 + 550 × 0.0009 = 1.022 + 0.495 = 1.517
M² = 562.1 − 300 × 1.517 = 562.1 − 455.1 = 107.0
M = MeV 10.3

Katika uangamizano wa kawaida wa fotoni mbili, kinachokosekana ni fotoni ya pili, ambayo haina tungamo; hesabu ingetoa M = 0. Tukio moja lenye M = 10.3 halithibitishi kitu, kwa sababu laweza kuwa "dizeli". Matukio mengi yanayorundikana kwenye thamani ileile ya M ndiyo yanayoweza kuwa ishara.

12.5 Kwa nini shabaha iwe almasi?

"Dizeli" kubwa ya jaribio hili ni mionzi ya breki. Positroni inapopita karibu na kiini cha atomu hupinda, hupunguza mwendo na kutoa fotoni moja. Fotoni moja ndiyo hasa tunayoitafuta, kwa hiyo tukio hilo linatudanganya.

Uangamizano hutokea kwenye elektroni, na idadi ya elektroni katika atomu ni Z, yaani namba ya atomu. Lakini mionzi ya breki huongezeka kwa Z². Linganisha:

Elementi | Z (uangamizano) | Z² (mionzi ya breki) | Uwiano Z²/Z
Kaboni | 6 | 36 | 6
Silikoni | 14 | 196 | 14
Shaba | 29 | 841 | 29
Tungsteni | 74 | 5,476 | 74

Kadiri Z inavyokuwa ndogo, ndivyo kelele inavyopungua ukilinganisha na ishara. Kaboni ina nafuu kubwa.

Almasi inaongeza faida nyingine tatu. Kwanza, ni shabaha na kigunduzi kwa wakati mmoja. Hakuna haja ya kuweka kifaa kingine kwenye njia ya positroni. Pili, atomu zake zimeshikana kwa nguvu, hivyo huvumilia mionzi kuliko silikoni. Tatu, hupitisha joto kwa takriban mara tano ya shaba, kwa hiyo haipati joto kupita kiasi.

Shabaha ya PADME ni bapa la almasi lenye upana wa sentimita 2 kwa 2 na unene wa maikromita 100. Juu yake kuna mistari iliyochorwa kwa leza: nguvu ya leza hugeuza tabaka jembamba la uso wa almasi kuwa grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Kila mstari una upana wa milimita 0.85, na nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 0.15. Mistari ya uso mmoja imelala na ya uso wa pili imesimama, kwa hiyo tunasoma mahali chembe zilipopita kwa mhimili wa x na wa y. Hakuna metali yoyote. Elektrodi nazo ni kaboni.

12.6 Kukipima kigunduzi

Wakala wa Vipimo anapokagua mzani sokoni haanzi na viazi. Anaweka mawe ya mizani, ambayo uzito wake unajulikana, na kuangalia mzani unasema nini. Kigunduzi cha almasi nacho kina mawe yake. Fuata hatua hizi nne.

Hatua ya 1: Pima ukimya. Funika almasi isipate mwanga wala mionzi, ongeza volteji kidogokidogo, na usome mkondo unaovuja. Almasi nzuri hutoa mkondo mdogo mno. Mkondo ukiruka ghafla, kuna ufa, uchafu juu ya uso au muunganisho mbaya. Usiendelee mpaka ujue chanzo.

Hatua ya 2: Tumia chanzo cha beta. Strontiamu-90 hutoa elektroni zenye nishati ya kutosha kupenya bapa jembamba. Weka almasi katikati, chanzo juu, na chini weka kigunduzi kingine cha plastiki kinachotoa mmweko kikipigwa. Soma almasi pale tu plastiki inapommweka. Hapo una hakika kwamba elektroni imepita. Kwa njia hii unapata dₖ. Kumbuka kwamba vyanzo vya mionzi nchini Tanzania vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Havitumiki bila kibali.

Hatua ya 3: Shibisha mitego. Almasi mpya ikianza kupigwa na mionzi, ishara yake hupanda polepole. Sababu ni kwamba mitego inajaa: mtego uliokwisha kunasa elektroni haunasi nyingine. Acha mionzi iendelee mpaka ishara itulie, ndipo uanze kuandika vipimo. Aliyepima kabla ya kutulia ana jedwali la namba ambazo kesho hazitarudi.

Hatua ya 4: Peleka kwenye mwale wa chembe. Hapa kichapuzi, yaani mashine inayozipa chembe kasi kubwa, hutuma makundi ya chembe ambazo idadi yake imepimwa na kigunduzi kingine. Kuna maswali mawili ya kujibu. La idadi: chembe zikiongezeka maradufu, je, chaji inaongezeka maradufu? La mahali: ukisogeza almasi milimita 1 kwa kutumia meza inayosukumwa na mota, je, ishara inahama mstari mmoja?

Je, bila chanzo wala kichapuzi huwezi kupima? Unaweza, kwa subira. Kutoka angani hushuka chembe zinazoitwa myuoni. Usawa wa bahari, takriban myuoni 1 hupita katika kila sentimita mraba 1 kwa dakika. Kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo zinavyoongezeka, kwa sababu hewa iliyobaki juu yako ni kidogo. Kwa hiyo almasi ileile ikiwekwa Iwawa, kwenye nyanda za juu za Makete, ingepitiwa na myuoni nyingi kuliko ikiwekwa Dar es Salaam.

12.7 Kutoona si sawa na kutokuwepo

Hiki ndicho kiini cha somo, na ndipo wengi wanapoteleza.

Tuseme jaribio limemalizika na halikuona fotoni ya giza hata moja. Je, tunaweza kusema kwamba fotoni ya aina iliyotafutwa haipo? Inategemea ni ngapi tulizotarajia kuona kama ingekuwepo. Kanuni ya uwezekano inasema: ukitarajia kwa wastani matukio n, uwezekano wa kuona sifuri ni e⁻ⁿ.

n = 3: uwezekano wa kuona sifuri ni 0.05
n = 1.5: uwezekano ni 0.22
n = 1: uwezekano ni 0.37

Ukitarajia 3 ukaona sifuri, una haki ya kusema dhana hiyo imekataliwa kwa uhakika wa asilimia 95. Ukitarajia 1 ukaona sifuri, hujasema kitu. Sifuri hiyo ingetokea zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu, hata kama fotoni ya giza ipo.

Sasa angalia kazi ya almasi. Thamani ya n huongezeka kwa uwiano na idadi ya positroni zilizopita, na almasi ndiyo inayozihesabu. Ikiwa almasi haikupimwa vizuri na inasoma mara mbili ya ukweli, mtafiti ataandika n = 3 wakati kweli ni 1.5. Atatangaza kuwa mlango umefungwa, na wengine wataacha kutafuta hapo. Kosa la kuona kisichokuwepo hugunduliwa upesi, kwa sababu kila mtu hurudia jaribio. Kosa la kutokuona kilichopo laweza kukaa miaka mingi, kwa sababu hakuna anayerudi kwenye nyumba aliyoambiwa ni tupu.

Ndiyo maana miezi ya kupima bapa la gramu 0.14 si maandalizi tu. Ni sehemu ya matokeo yenyewe.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuandika kwamba almasi hugundua fotoni ya giza moja kwa moja. Almasi huhesabu positroni na kuonyesha mahali zilipopita. Fotoni ya giza hutafutwa kwa hesabu ya kilichokosekana.
2. Kuchanganya eV 5.5 (pengo la nishati) na eV 13 (nishati ya wastani ya kutengeneza jozi). Ya pili ni kubwa kwa sababu sehemu ya nishati hugeuka mtikisiko wa atomu, yaani joto.
3. Kutumia unene wa almasi badala ya dₖ unapotafuta chaji inayopimwa.
4. Kutumia pembe kwa nyuzi katika fomyula ya M². Tumia radiani.

Zoezi la marudio

1. Densiti ya almasi ni g/cm³ 3.52. Kokotoa tungamo la shabaha ya PADME kwa gramu na kwa karati.
2. Almasi ina dₖ ya maikromita 12. Kokotoa chaji inayopimwa (i) kwa positroni 1, (ii) kwa kundi la positroni 20,000.
3. Jedwali lifuatalo ni la kubuni kwa ajili ya zoezi.
Chembe: 5,000 | 10,000 | 20,000 | 40,000
Chaji (× 10⁻¹² C): 0.35 | 0.69 | 1.38 | 2.20
(i) Je, uhusiano ni wa mstari mnyoofu? (ii) Toa sababu moja inayowezekana. (iii) Ungemshauri nini mtafiti?
4. Katika Mfano wa 2, tuseme mtafiti amekosea mahali pa mwale kwa milimita 5, na kalorimita iko mita 3.5 mbele, hivyo pembe ikasomeka radiani 0.0314. Tafuta M mpya na utoe maoni.
5. Tungamo kubwa kabisa linaloweza kutengenezwa ni √(2mE). (i) Likokotoe kwa E = MeV 550. (ii) Mwaka 2022 PADME ilipima kwa nishati ndogo zaidi ili kutafuta chembe inayodhaniwa kuwa na tungamo la takriban MeV 17. Ni nishati gani ya positroni inayotengeneza tungamo hilo?
6. "Tumetafuta, hatukuona, kwa hiyo haipo." Jadili kauli hii kwa aya mbili ukitumia mfano wa mzani na mfano wa almasi.

Majibu

1. Ujazo = 2 × 2 × 0.01 = cm³ 0.04. Tungamo = 0.04 × 3.52 = g 0.14, sawa na karati 0.7.
2. (i) 36 × 12 = jozi 432; Q = 432 × 1.6 × 10⁻¹⁹ = 6.9 × 10⁻¹⁷ C. (ii) 20,000 × 6.9 × 10⁻¹⁷ = 1.4 × 10⁻¹² C.
3. (i) Ni mnyoofu hadi 20,000. Kwa 40,000 tungetarajia 2.76, lakini imepatikana 2.20. (ii) Kikuza ishara kimefika kikomo chake. (iii) Atumie makundi yasiyozidi 20,000, au apunguze ukuzaji wa ishara kisha apime upya kuanzia mwanzo.
4. Eθ² = 550 × 0.000986 = 0.542, jumla ni 1.564; M² = 562.1 − 469.2 = 92.9; M = MeV 9.6. Kosa la milimita 5 limehamisha tungamo kwa MeV 0.7. Matukio ya tungamo moja yangetawanyika na ishara ingepotea ndani ya kelele.
5. (i) √562.1 = MeV 23.7. (ii) E = 17² ÷ (2 × 0.511) = 289 ÷ 1.022 = MeV 283.
6. Jibu zuri litaje: idadi iliyotarajiwa (n), kosa la chombo, vyanzo vingine vya upungufu, na tofauti kati ya sifuri yenye maana na sifuri isiyo na maana. Mtahini hutoa alama kwa hoja, si kwa kurudia kauli ya swali.